Sinia la Mama Karisa

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu Fondo kule Ganda, na baada ya mazishi niliona jambo ambalo sikutarajia kuliona tena maishani. Watu wa mbali walikuwa wamekwisha kwenda zao. Turubai lilibaki na viti vichache vya kukodi, na sisi wa nyumbani tulikuwa tumeketi mkekani tukingoja chakula. Mama Karisa, mjane wa mjomba, akatoka jikoni amebeba sinia la sima na mbaazi za nazi. Mwanamke yule ni mzee sasa. Goti moja halikunjiki vizuri, na wajukuu wamemsihi mara ngapi aache kubeba vitu vizito, lakini yeye kusikia hasikii. Alifika katikati ya mkeka, akasimama. Hakuliweka sinia chini. Alitazama upande wa kulia alikoketi Karisa, mwanawe wa kwanza, kisha upande wa kushoto alikoketi Baya, mdogo wake Karisa. Mkwe mmoja alinyanyuka ampokee, naye akamkataza kwa macho. Wajukuu wakaanza kunong'onezana. Mimi nilielewa mara moja, maana mara ya mwisho nilipomwona amesimama hivyo nilikuwa msichana, na nyumba ile ilikaribia kuvunjika mbele ya macho yangu.

Nilikwenda kukaa kwao mwaka niliokuwa nikijifunza ushonaji mjini Malindi. Kwa nini nilikwenda kwa mjomba badala ya kubaki kwetu, hayo hayana kazi hapa. Itoshe kusema kwamba nilifika Ganda nikiwa nimeapa sitaolewa na mwanamume yeyote, na nilijua kwa nini naapa. Nyumba ilikuwa ya udongo na paa la makuti, vyumba vitatu vilivyotengwa na kuta zisizofika juu, kiasi kwamba mtu akikohoa chumba kimoja, nyumba nzima imekohoa. Nilipewa kitanda cha kamba chumbani kwa Hawe. Ndivyo tunavyomwita bibi kwetu, na huyu alikuwa mama mzazi wa mjomba Fondo na wa mama yangu. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuombea chakula mpaka mvuke uishe. Hawe hakuwa Mkristo wala hakuwa na haja hiyo. Alichojifunza katika dini yao ni neno moja tu, amina, na alilitia katikati ya sala kwa sauti kubwa ili kumkata mwanawe. "Bado, mama," mjomba alikuwa akisema, macho ameyafumba. "Mungu wako ameshasikia," Hawe humjibu. "Tumbo langu ndilo linalongoja."

Kilichonishangaza kwanza si sala, maana watu wanaosali nilikuwa nimewaona wengi. Nilishangaa kumkuta mjomba amekalia mbuzi, kile kigoda cha kukunia nazi, anakuna nazi uwanjani mchana kweupe huku mkewe akimnyonyesha Baya kivulini. Wanaume waliopita njiani kwenda mashambani walimkejeli. "Fondo, na kanga utavaa lini?" Yeye anacheka, anaendelea kukuna. "Nikishajua kuifunga," anawajibu. Hawe, aliyemlea kwa namna nyingine kabisa, aligeuza uso asione, lakini tui lenyewe alilinywa. Mimi nilikaa mlangoni na cherehani yangu ya mkono niliyoazimwa, nikamtazama mwanamume huyo na unga wa nazi mpaka kwenye nyusi, na kile kiapo changu kikaanza kunisumbua kidogo.

Nyumba ile ilikuwa na sheria yake. Watu wazima wote walikula sinia moja, na Mama Karisa hakuliweka sinia chini ikiwa wawili kati ya watakaokula hawasemezani. Watoto aliwalisha jikoni, lakini sisi tulingoja. Na kupatana kulikuwa na utaratibu wake, ambao niliujua siku mbuzi walipoingia kwenye mchicha wake. Mjomba ndiye aliyeacha kuwafunga. Wakala bustani yote, wakang'oa hata miche, naye badala ya kuomba radhi akafoka kwamba mtu mwenye bustani huizungushia ua. Mchana Mama Karisa alitoka na sinia, akasimama, akaona mume amenuna anatazama ukuta. Akanipa mimi sinia nilishike, akaenda akakaa karibu naye. "Baba Karisa, hujambo?" akamwuliza, kana kwamba ndiyo kwanza wameonana. "Mimi nimekasirika sana, lakini sitaki tule tumepeana migongo." Mjomba alianza kujibu kwa ukali, akashindwa, akacheka kwa aibu, akasema, "Nisamehe, mke wangu. Mbuzi walikuwa wangu." Jioni alikuwa anachimba mashimo ya ua.

Mimi sikuridhika hata kidogo. Tulipokuwa tukimenya mbaazi nilimwambia mkaza mjomba wangu waziwazi kwamba amejidhalilisha. "Yeye ndiye aliyekosa. Mbona umeanza wewe?" Mama Karisa hakuwa mtu wa kuhubiri. Aliendelea kumenya. "Sidi," akasema, "aliyekosa ana aibu, miguu yake inakuwa mizito. Mwenye haki hana kinachomzuia. Basi aende yeye." Nikasema huo ni ujinga. Akatabasamu. "Na sisi na Mungu, aliyeharibu ni nani? Sisi. Na aliyeanza kuja kwa mwenzake ni nani? Kama Yeye angetungoja sisi tuanze, mpaka leo tungekuwa tumekaa." Kisha akanisukumia ungo wa mbaazi, kwa maana nilikuwa nimeacha kazi. Sikumkubalia siku ile. Nilikuwa na umri ambao mtu huona kusamehe ni kushindwa, na nilikuwa nimeona wanawake wengi wakishindwa.

Miezi ikapita vizuri, hata nikaanza kunenepa. Ndipo Hawe akaota. Nyuma ya nyumba, karibu na mnazi mmoja mrefu, palikuwa na kijiti kifupi kilichochongwa na kuchomekwa ardhini. Hicho ndicho koma ya babu, mahali pa Hawe kumkumbuka mumewe. Hawe alimwota babu amesimama pale na kibuyu kitupu mkononi. Kwa watu wa imani yake maana ya ndoto ile haina maswali: marehemu ana kiu, apelekewe mnazi, yaani tembo la mnazi, amwagiwe pale kwenye koma. Akamwambia mwanawe. Mjomba akakataa kwa upole. Akamwambia tena, akakataa kwa ukali kidogo, kwamba yeye ni mzee wa kanisa na tembo halitaingia katika boma lake, wala la kunywa wala la kumwaga. Hawe hakubishana. Aliacha kula tu. Sinia likifika anatia tonge moja mdomoni, anasema ameshiba. Usiku nilikuwa nasikia kamba za kitanda chake zikilia, anageuka na kugeuka. Ule utani wa amina ukakoma, na mjomba akawa anasali sala ndefu ambazo hakuna wa kuzikata.

Mchana mmoja, mjomba akiwa shambani, nilimwona Mama Karisa anarudi kutoka kwa jirani mgema, ameficha kitu ndani ya kanga. Mama Karisa huyo huyo, mwimbaji wa kanisani, ambaye pombe hakuwahi hata kuionja! Alimshika Hawe mkono wakazunguka nyuma ya nyumba. Sikuambiwa nisifuate, basi nikafuata. Hawe alimimina taratibu, akizungumza na mumewe kwa Kigiriama habari za nyumbani: mvua imechelewa, Baya ameota meno mawili, mjukuu wake Sidi anajifunza kushona lakini bado mishono yake inakwenda upande. Mama Karisa alisimama pembeni, mikono ameikutanisha, midomo inacheza. Yeye alikuwa anaomba kwa Mungu wake. Hakuna aliyemwingilia mwenzake. Jioni ile Hawe alikula mpaka akalamba vidole, na mjomba akafurahi, akasema maombi yamejibiwa. Mama Karisa aliinamisha kichwa.

Lakini Ganda si mahali pa siri. Mgema alimtania mjomba njiani kwamba siku hizi wokovu umelegea, na mjomba akarudi nyumbani na uso ambao sikuwahi kuuona. Hakupiga mtu, hakutukana. Aliingia chumbani, mkewe akamfuata, na ukuta ule usiofika juu ukatuletea kila neno mimi na Hawe tuliokuwa upande wa pili.

"Umenifanya mnafiki mbele ya watu."

"Kukuficha nimekosa," Mama Karisa akasema. "Hilo nimekosa, na nakuomba radhi. Lakini kumpa mama sikukosa. Alikuwa anakufa mbele yetu, Baba Karisa."

"Mimi ndiye mwenye haki katika jambo hili, na unajua."

"Basi kama una haki, anza."

Nilimtazama Hawe kitandani. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anasikiliza kila kitu.

Siku zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizoishi mle. Mama Karisa alipika kama kawaida, akatoka na sinia, akasimama. Mjomba anatazama miguu yake, kisha anachukua jembe lake na kuondoka. Shambani alichoma mihogo, akala huko huko. Sinia likarudi jikoni. Mimi nilikuwa nakula mahamri mjini, sitaki kujifanya mtakatifu, lakini Hawe hakuwa na mji wa kukimbilia, na mkaza mjomba nilimkuta mara mbili amekaa jikoni peke yake, ushungi umefunika uso. Nilimchukia mjomba. Nilimchukia zaidi kwa sababu ya ile nazi aliyokuwa akikuna, maana alikuwa amenifanya nianze kuamini. Nikajiambia kumbe wote ni hao hao, na kwamba mapenzi yao, na sala yao, na huyo Kristo wao, vyote vilikuwa vya siku za jua tu. Niliogopa kwamba Mama Karisa atafungasha virago. Shangazi mmoja wa upande wake alikwisha kuja kumwambia arudi kwao, na nilisikia hakukataa, alisema tu, "Ngoja Jumapili ipite."

Jumapili ilipofika walitoka kanisani mmoja mbele, mwingine nyuma sana. Mama Karisa alipika wali wa nazi na kuku, chakula cha sikukuu, na nikadhani hiki ndicho cha kuagana. Akatoka na sinia, akasimama katikati ya mkeka. Mjomba ameketi kigodani na nguo zake za kanisani, anatazama magoti. Karisa mdogo, ambaye hakutakiwa kuwapo, alikuwa amejibanza mlangoni. Ndipo Hawe akainuka. Alijikongoja mpaka mbele ya mwanawe na kusema, "Nimesikia kwamba humu ndani mwenye haki ndiye huanza. Basi mimi nimekuzaa, nimekunyonyesha, nimekubeba mgongoni nikilima. Hakuna humu mwenye haki kunishinda. Naanza mimi." Akainama, mwanamke mzee yule, mpaka kichwa kikawa chini ya kichwa cha mwanawe aliyeketi. "Shikamoo, Fondo," akasema.

Sijui kama watu wa leo wanaopeana shikamoo huku wanatazama simu wataelewa. Mtoto ndiye humwamkia mzazi. Mama kumwamkia mwanawe wa kumzaa ni jambo ambalo halijapata kuwapo. Mjomba akiitikia marahaba ni kama amemkanyaga mama yake, na asipoitikia, amekataa amani mbele yetu sote. Mjomba alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Alijitupa chini kutoka kwenye kigoda, nguo zake nyeupe za kanisani zikiwa mwilini, akaishika miguu ya mama yake, akalia kama Baya. "Shikamoo mama," akasema, "shikamoo, shikamoo, mama usinifanyie hivyo, shikamoo." Hawe alimwacha arudie mara kadhaa, nadhani alikuwa anapata raha. "Marahaba," akasema mwishowe. "Na yule je?" Mjomba akageuka akiwa bado amepiga magoti, akamwambia mkewe mbele yetu, "Mke wangu, nililipenda jina langu kanisani kuliko nilivyowapenda ninyi. Nimekosa." Mama Karisa alikuwa analia kiasi kwamba sinia lilitikisika na kuku akaelekea ukingoni. Nikalipokea mimi. Siku hiyo sala ilikuwa fupi sana, na bado Hawe aliikata.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mjomba alikwenda mwenyewe kuwaeleza wazee wenzake, na wakamwondoa katika uzee wa kanisa kwa muda. Akawa anakaa benchi la nyuma, upande wa wanaume, peke yake. Jumapili ya kwanza Mama Karisa aliinuka kutoka kwa waimbaji, akapita katikati ya kanisa watu wote wanamtazama, akaenda akakaa naye, mwanamke pekee upande ule. Minong'ono ilikuwa mingi kuliko nyimbo. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, usawa wao, nikaona mjomba amesogea kumpa nafasi, kisha mkono wake ukatambaa juu ya benchi mpaka ukaufikia wa mkewe. Pale ndipo kiapo changu kilipokufa, kama mnataka kujua mahali penyewe.

Na suala la koma lilitatuliwa kwa namna ambayo hakuna mchungaji angeifundisha. Hawe alipoota tena, mjomba hakununua tembo wala hakulimwaga, lakini alibeba kigoda cha mama yake mpaka nyuma ya nyumba, akamketisha, akavua kofia, akasimama kando mpaka Hawe alipomaliza mazungumzo na mumewe. Kisha mjomba akasali kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa ajili ya baba yake aliyempa uhai. Hawe alisikiliza mpaka mwisho bila kumkata. "Leo umesema maneno," akamwambia wakirudi. Hakubatizwa kamwe. Alipofariki, miaka mingi baadaye, alizikwa pale pale nyuma ya nyumba.

Nilimaliza mafunzo nikarudi kwetu, na baada ya muda akaja kijana mmoja wa Rabai na wazee wake. Nilipopata nafasi ya kuzungumza naye nilimuuliza kitu kimoja tu, kama siku akiwa na haki ataweza kuanza. Maskini hakuelewa. "Kuanza nini?" akaniuliza. Nikamweleza habari ya sinia, akafikiri sana, akasema hajui kama ataweza lakini atajaribu. Jibu hilo nililipenda kuliko kama angesema ndiyo. Amejaribu mpaka leo, na mimi pia, kwa zamu, na kuna siku sima imetupoa vibaya. Lakini nyumba yetu imekuwa na furaha, nalisema bila kuona haya, na najua ilikotoka.

Sasa nirudi kwenye mkeka. Mjomba aliacha maneno kwamba azikwe kando ya mama yake. Baya alishikilia neno la baba. Karisa, ambaye leo ni mhubiri, alisema baba yake mcha Mungu hawezi kulazwa hatua chache kutoka kwenye koma, watu watasema nini. Mama yao aliamua, mjomba akazikwa alikotaka, na wiki nzima ndugu hao wawili walikuwa wanatumiana maneno kupitia kwa wake zao. Ndiyo maana Mama Karisa alisimama. Sinia likaanza kuinama upande mmoja. Mbaazi zikamwagika kidogo kwenye sima. Nilitaka kuinuka kama zamani, nikajizuia, maana safari hii haikuwa kazi yangu.

Karisa alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu mzima, mvi kidevuni, suti nyeusi. Nikamwona anamtazama mama yake, kisha anautazama mlango, ule ule alikojibanza siku ile. Akainuka. Akapita juu ya miguu ya watu mpaka kwa mdogo wake, akainama mbele ya kila mtu, wakwe na wajukuu wakiwapo, akasema, "Shikamoo, Baya."

Vijana wengine walidhani ni mzaha, wakacheka. Baya hakucheka. Alikuwa ameshaisikia hadithi ile tangu utotoni. Aliruka akamkumbatia kaka yake shingoni, anasema, "Usiseme hivyo, kaka, shikamoo wewe, shikamoo," na wote wawili wakalia kama watoto waliofiwa, na ndivyo walivyokuwa.

"Jamani," Mama Karisa akasema, "mikono inaniuma."

Walilipokea sinia pamoja, kila mmoja na upande wake, wakaliweka chini. Sima ilikuwa imeshapoa. Tukanawa, tukaila hivyo hivyo.